Redio za Zamani: Amana Iliyomo Majumbani Mwetu

Miongoni mwa neema ambazo Mwenyezi Mungu aliwajaalia wanadamu katika karne iliyopita ni hii ya kuisikia sauti ya mtu aliye mbali bila ya waya wala mjumbe. Sisi tukaao Lituhi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, twaijua neema hiyo pengine kuliko watu wa miji mikubwa. Njia yetu kwa miaka mingi ilikuwa maji na milima. Gazeti lilipotufikia lilikuwa limekwisha kuzeeka. Redio ndiyo iliyotupa habari za siku ile ile, sawa na mtu wa Dar es Salaam.

Leo kijana ana simu mfukoni, na redio za wazee zimesukumwa chini ya vitanda na juu ya dari. Wanunuzi wa chuma chakavu wapita kijiji kwa kijiji na mizani zao, nao huzinunua kwa kilo: bati upande huu, shaba upande huu, na mbao hutupwa jikoni. Tumeona yafaa tuandike maneno machache juu ya vyombo hivi, ili wazazi na vijana wavijue kabla havijakwisha, na anayetaka kuvitengeneza na kuvikusanya ajue njia iliyo salama na iliyo halali.

HABARI ILIYOCHELEWA LIULI

Kama kuna mtu anayeuliza chombo cha kupokelea habari kina faida gani, na atazame kusini ya kwetu, katika ufuko huu huu, mahali paitwapo Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo ili itengenezwe. Kapteni wake aliitwa Berndt. Ng'ambo ya ziwa, katika Nyasaland, Waingereza walikuwa na meli yao Gwendolen, na mkubwa wake aliitwa Rhoades. Watu hawa wawili walikuwa wakifahamiana, tena kwa urafiki.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Ulaya, Rhoades aliletewa habari pamoja na amri. Berndt hakuletewa neno. Gwendolen ikaja Liuli ikapiga mzinga. Berndt akatoka kwa mashua ndogo, amekasirika, akitaka kujua rafiki yake amepatwa na nini. Ndipo alipoambiwa kwamba mataifa yao yamo vitani, na kwamba yeye sasa ni mateka. Meli yake ikaharibiwa pale pale ilipokuwa.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea ilikuwa imeupiga mizinga mji wa Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa mtambo wa simu ya upepo. Kila upande ulijua kwamba mwenye kupata habari mapema ana silaha kubwa kuliko mzinga. Mtambo ulikuwapo pwani, lakini Liuli hapakuwa na sikio la kuusikia.

REDIO YA NYUMBANI NA REDIO YA KAZI

Watu wengi hudhani redio zote ni za namna moja. Sivyo. Iko redio ya nyumbani, iliyofanywa kwa ajili ya kusikiliza taarifa, mawaidha na nyimbo. Na iko redio ya mawasiliano, iliyofanywa kwa ajili ya kazi: ya meli, ya polisi, ya kiwanja cha ndege, ya jeshi, na ya watu wapendao kutafuta stesheni za mbali. Redio hii hupokea tu, wala haipeleki sauti hewani. Lakini hupokea kwa usikivu mkubwa, na huzitenganisha stesheni mbili zilizokaribiana ambazo redio ya kawaida huzichanganya kama wasemaji wawili ndani ya chumba kimoja.

Asili ya nguvu hiyo ni ufundi uliobuniwa mwaka 1918 na Mmarekani Edwin Armstrong, alipokuwa afisa wa jeshi katika Ufaransa. Redio hulipokea wimbi kutoka hewani, ikalichanganya na wimbi jingine inalolitengeneza yenyewe ndani, na katika mchanganyiko huo likapatikana wimbi la tatu lisilobadilika, ambalo ni rahisi kulikuza na kulisafisha. Redio nyingi za nyumbani zatumia njia hii. Lakini redio ya mawasiliano huongeza hatua ya kulikuza wimbi kabla ya kulichanganya, huongeza vichujio vikali zaidi, na huwa na mtambo mdogo wa kuziwezesha alama za Morse zisikike kama mlio. Gurudumu lake la kutafutia stesheni huzunguka polepole sana, kwa kuwa katika mawimbi mafupi unene wa unywele ni umbali mkubwa.

Majina ya vyombo hivyo yajulikana na wakusanyaji duniani kote. Kampuni ya National ya Marekani ilitoa HRO katika miaka ya 1930, na Waingereza waliitumia sana katika Vita Vikuu vya Pili kusikilizia habari za adui. (National hii si ile ya Japani tuliyoizoea kwenye betri.) RCA ya Marekani ilitoa AR88, chombo kizito ambacho mtu mmoja hakibebi bila ya kuugua mgongo. Eddystone zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na nyingi zilikaa melini. Racal RA17 ya miaka ya 1950 ilitumia ufundi wa Trevor Wadley, mhandisi wa Afrika ya Kusini. Nayo huwashangaza mafundi hata leo kwa jinsi inavyokaa mahali ulipoiweka bila ya kuhama.

Kwa watu wa kawaida hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1949 ofisa mmoja wa habari katika Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin, aliishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio rahisi kwa Waafrika. Ganda lake lilifanywa kwa bati la sufuria, likapakwa rangi ya buluu, na redio ikaitwa Saucepan Special. Ilikuwa na valvu 4 na bei yake pauni 5. Betri yake kubwa iliuzwa mbali, nayo ilidumu kiasi cha saa 300. Stesheni ya Lusaka iliyosikilizwa kwa redio hizo iliwatangazia pia watu wa Nyasaland, ambao ni jirani zetu wa ng'ambo ya maji.

SAUTI ZILIZOTUFIKIA

Katika Afrika ya Mashariki matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, na hapo kwanza yalikuwa ya walowezi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka huo huo ikaanza Sauti ya Unguja. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, na Sauti ya Ujerumani ikafuata mwaka 1963. Mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wazee wetu waliitafuta jioni katika mawimbi mafupi.

Kijana ataona ajabu kwamba stesheni ile ile huja vizuri usiku na mchana hupotea. Sababu yake ni kwamba mawimbi mafupi hupanda juu, yakagonga tabaka la hewa lililochajiwa na jua, kisha yakarudi ardhini mbali na yalikotoka. Tabaka hilo hubadilika mchana na usiku. Kwa hiyo mzee aliyesema, "Ngojeni kwanza jua litue," hakuwa akisema ushirikina. Alikuwa amejifunza kwa miaka mingi jambo ambalo wataalamu huliandika vitabuni.

Kwa redio hizo watu wetu walisoma. Mwaka 1973 ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili katika Tanzania walikaa makundi makundi kuizunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa juu ya vita vya Kagera. Sisi tulikuwa wadogo, lakini twakumbuka jinsi wakubwa walivyonyamaza.

Na kwa Waislamu iko sauti nyingine. Redio ya Misri ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 1934, ilifunguliwa kwa kisomo cha Kurani cha Sheikh Muhammad Rifaat. Mwaka 1964 Cairo ikaanzisha idhaa ya Kurani tukufu peke yake. Mtoto wa madrasa katika kijiji kilicho mbali, ambaye hakupata kumwona msomaji mkubwa, aliweza kuisikia tajwidi ya watu wa Misri kupitia kasha la mbao lenye kitambaa mbele.

Wala tusisahau usiku wa ishirini na tisa wa Shaabani. Nyumba nyingi ziliziweka akiba betri kwa ajili ya usiku ule na usiku wa kungojea Idi. Betri zikidhoofika zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo jioni. Wako wazee waliokubali habari ya mwandamo wa mwezi iliyoletwa na redio kutoka Dar es Salaam au Unguja, na wako waliosema kila mji una mwezi wake. Hatuandiki hapa ili kuhukumu baina yao. Twasema tu kwamba redio iliyokuwa mezani usiku ule ni shahidi wa historia ya dini yetu katika mwambao huu, na shahidi hauzwi kwa kilo.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Sasa twawaambia vijana wenye mikono mepesi. Redio iliyolala miaka thelathini usiichomeke katika umeme ili uone kama inalia. Hilo ndilo kosa linaloziua redio nyingi, na huweza kumuua na mtu. Fuata hatua hizi.

Kwanza, fungua na utazame. Katika nchi yetu nyigu hujenga udongo ndani ya redio, mende hula karatasi, na panya hukata nyaya. Safisha kwa brashi laini iliyo kavu. Maandishi yaliyo juu ya kioo cha stesheni usiyaoshe kwa sabuni, maana rangi yake hubanduka, na ikibanduka hairudi.

Pili, piga picha au chora kila waya ulipofungwa kabla hujagusa kitu. Redio ni kama mashairi: ukipoteza mstari mmoja, maana yote imevurugika.

Tatu, shughulikia kapasita. Zile za karatasi hunyonya unyevu na kuvujisha umeme, na mara nyingi hapana budi kuzibadilisha. Zile kubwa za kulainisha umeme hukauka ndani. Mtengenezaji mwangalifu huzirudishia nguvu kwa kuupandisha umeme kidogo kidogo, au huziweka mpya. Wakati wa kuwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya kizamani, ile yenye uzi ndani, katika njia ya umeme. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, jua iko hitilafu, zima upesi. Balbu itakuwa imeyapokea madhara badala ya redio.

Nne, jihadhari na nafsi yako. Ndani ya redio ya valvu mna volti 250 na zaidi, na kapasita huendelea kuushika umeme hata baada ya kuzima. Baadhi ya redio zisizo na transfoma zina bati ambalo lenyewe laweza kuwa na umeme. Fanya kazi ukiwa na mwenzako karibu, mkono mmoja nyuma, na miguu juu ya ubao mkavu. Mtoto asiachwe peke yake. Baadhi ya vyombo vya jeshi vina rangi ing'aayo gizani iliyotiwa radiamu; rangi hiyo usiikwangue, kwa kuwa vumbi lake lina sumu. Wala usizichome kapasita za zamani motoni, kwani baadhi zina mafuta yenye madhara.

Tano, jua aina ya umeme unaotakiwa. Redio za valvu za betri nyingi zilitaka volti 90 kwa upande mmoja na volti 1.5 kwa upande mwingine. Betri hizo kubwa hazipatikani madukani, lakini betri ndogo 10 za volti 9 zikiungwa mfululizo hutoa volti 90 zile zile.

Sita, usizidharau redio za transista. Transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na katika miaka ya 1960 ilizifikisha redio mahali ambapo valvu hazikufika. Betri za National zilitengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa mwaka 1966, na redio za Philips ziliungwa Arusha. Redio hizi nazo sasa ni za zamani. Katika baadhi ya transista za miaka ile, kama AF117, huota nywele nyembamba mno za bati ndani ya kikopo, zikagusana, na redio ikanyamaza. Fundi asiyejua hili atatupa redio nzima kwa sababu ya unywele asiouona.

Mwisho, usibadilishe kisichoharibika. Kila ulichokiondoa kitie katika mfuko, ukifunge ndani ya kasha la redio, na uandike tarehe na ulichofanya. Atakayekuja baada yako atakushukuru.

AMANA NA URITHI

Hapa ndipo penye jambo lililotufanya tushike kalamu. Redio za zamani nyingi haziko mikononi mwa waliozinunua. Wenyewe wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na redio ni sehemu ya walichokiacha. Si mali ya aliyeikuta chumbani.

Katika ufuko huu alifariki mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za melini. Aliacha mjane na watoto wanne, mmoja wao hajabaleghe. Chini ya kitanda palikutwa Eddystone nzito ya kijivu. Mnunuzi wa chuma chakavu akaipima na kutaja bei ya kilo za bati. Mtoto mkubwa akataka kupokea, maana nyumba ilikuwa na haja ya fedha, na hatumlaumu. Mjane akasema, "Mwalimu, marehemu alikuwa akikifuta chombo hiki kila Ijumaa. Nitaachaje kiende hivi hivi?"

Tulimwambia mambo mawili. La kwanza, redio imo katika tirka kama mashua na nyavu. Haiuzwi mpaka warithi wakubaliane, na fungu la mtoto mdogo halichezewi. La pili, chombo kama hicho thamani yake si uzito wake, na mnunuzi anayejua thamani akamficha mjane hafanyi biashara, bali ghishi. Yule mnunuzi aliporudi mara ya pili akaongeza bei maradufu, na kuongeza huko ndiko kulikotuthibitishia kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli.

Ilipofunguliwa, ndani ya kifuniko palikutwa karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwa mkono wa marehemu: saa, mita, na majina ya stesheni. Cairo, London, Dar es Salaam, na kando yake alama ndogo kwa zile zilizosikika vizuri. Watoto wake hawakupata kujua kwamba baba yao alikuwa akiandika mambo haya. Warithi wakakubaliana mmoja wao aichukue kwa bei ya haki, na mafungu ya wengine yakalipwa, la mtoto likawekwa. Vijana wawili wa hapa wanaitengeneza polepole. Bado upande mmoja wa mawimbi haujasema, na valvu moja yangojewa.

Fundi naye ana amana yake. Kuitoa valvu nzima katika redio ya mteja na kumtilia mbovu ni wizi, ijapokuwa mteja hajui kuisoma namba yake. Na mkusanyaji ajichunge na israfu: asirundike vyombo ishirini vilivyokufa huku watoto wake hawana madaftari. Redio moja iliyotengenezwa ikasikika, na historia yake ikaandikwa, ni bora kuliko chumba kizima cha vumbi.

Basi, enyi wazazi, kabla ya kumwita mwenye mizani, iteremsheni redio ya babu kutoka darini. Waulizeni walio hai: ilinunuliwa wapi, kwa mazao gani, nani alikuja kuisikiliza, na ilikuwa mezani siku gani. Andikeni. Kisha mpeni kijana mwangalifu aifungue. Akifaulu, mtakuwa na redio. Asipofaulu, mtakuwa na habari za wazee wenu zilizoandikwa, na kijana aliyejifunza subira.

Wabillahi tawfiki.